Mke wangu anasema hatujawahi kutoka. Turudi wapi?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Tumsifu Yesu Kristo.

Jambo hili nimekaa nalo moyoni muda mrefu na sasa limenizidi. Mimi ni baba wa watoto watatu. Nilibatizwa parokiani, nikapata Komunyo ya kwanza na Kipaimara huko huko. Mke wangu amelelewa katika jumuiya ya Udugu wa Mtakatifu Pio wa Kumi, wale mapadre wanaoadhimisha Misa ya zamani ya Kilatini na ambao hawako chini ya askofu wa jimbo. Baba yake ni mmoja wa wazee walioanzisha kikanisa chao. Nilipomchumbia nikaanza kusali naye, na sikwenda kwa shingo upande. Nilipapenda. Watu wanaingia kimya, wanapiga magoti, hakuna simu inayolia. Hata mtoto wa miaka minne anajua kwamba wakati wa mageuzo haongei mtu.

Tulifunga ndoa mwaka 2013 mbele ya padre wao. Watoto wote wamebatizwa kule.

Moyo wangu ulianza kugeuka siku tuliyomzika mama yangu. Misa ya mazishi ilikuwa parokiani, na mke wangu alisimama nje ya mlango tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu dhamiri yake inamkataza kushiriki Misa mpya, hii ya parokiani. Ndugu zangu hawajasahau. Hata mimi sijasahau, ingawa najua alimpenda mama. Tangu hapo asubuhi nasali na familia kule, jioni naingia parokiani peke yangu.

Nikaenda kumwona paroko nijue naanzia wapi. Akasoma cheti chetu cha ndoa, akaniambia mbele ya katibu na watu wawili waliokuwa wakisubiri: "Hii siyo ndoa. Wewe unaishi na mwanamke tu." Nilipomweleza mama watoto alilia, kisha akaniuliza: "Unataka turudi wapi? Sisi hatujawahi kutoka. Kila Misa tunamwombea Papa." Habari zimemfikia baba mkwe, na sasa hata salamu ananiitikia kwa shida.

Juu ya hayo, askofu wao anatarajiwa kuja kutoa Kipaimara, na baba mkwe amekwisha kumwandikisha binti yetu mkubwa, mwenye miaka 11, bila kuniuliza.

Naomba unijibu. Je, miaka yote hii tulikuwa nje ya Kanisa? Ndoa yetu ni nini? Nifanyeje kuhusu Kipaimara? Na kwa nini Roma na hawa mapadre wasipatane, ikiwa wote wanasali Rozari ile ile na kumtaja Papa yule yule? Wangepatana wao, nyumba yangu ingepona.

Baba wa watatu


JIBU

Milele amina, ndugu yangu.

Nianze na maneno ya pale ofisini, maana naona ndiyo yaliyokuchoma. Nusu yake ina msingi wa sheria. Nusu nyingine haikupaswa kutamkwa kabisa, sembuse mbele ya watu.

Mkatoliki hufunga ndoa mbele ya askofu mahalia au paroko, au padre au shemasi aliyekabidhiwa mamlaka na mmoja wao, pamoja na mashahidi wawili. Hiyo ni kanuni 1108. Padre aliyewafungisha ninyi mwaka 2013 ni padre kweli, daraja yake ni halali, lakini mamlaka hayo hakuwa nayo. Mapadre wa Udugu hujitetea kwa kusema Kanisa limo katika hali ya dharura, na kwamba katika dharura sheria yenyewe hufidia mamlaka yanayokosekana. Mabaraza ya ndoa ya Kanisa kwa kawaida hayaipokei hoja hiyo. Hapo paroko wako alikuwa na sababu. Lakini kusema "unaishi na mwanamke tu" ni kuwadhulumu watu wawili waliopeana ahadi kwa nia safi, wakiamini wako mbele ya Mungu na Kanisa lake. Kilichopungua kwenu ni utaratibu wa kisheria. Ridhaa ilikuwapo siku ile, na kwa unavyoandika, ipo hadi leo.

Na kwa sababu ridhaa ipo, kuna njia ambayo watu wengi hawaijui. Askofu wa jimbo anaweza kuiponya ndoa yenu tangu mizizi yake bila ninyi kurudia maneno ya ndoa. Soma kanuni 1161 hadi 1165. Mke wako hataitwa kusimama tena altareni kana kwamba miaka yenu pamoja ilikuwa bure. Hatadaiwa kutamka kwamba wazazi wake walimlea vibaya. Athari za uponyaji huo hurudi nyuma mpaka siku ile ya 2013. Kinachotakiwa ni kwamba wote wawili bado mnataka kuwa mume na mke, na kwamba mna nia ya kuendelea hivyo. Sheria inaruhusu hata kuufanya bila mmoja wa wanandoa kujua, ikiwa kuna sababu nzito, lakini wewe nakukataza njia hiyo. Mama aliyesimama nje ya mlango wa mazishi kwa ajili ya dhamiri yake, akija kugundua kwamba jambo la ndoa yake lilipitishwa kisirisiri, hutampata tena.

Rudi ofisini, au kama huwezi tena kumtazama paroko yule usoni, nenda kwa padre anayeshughulikia masuala ya ndoa jimboni. Peleka vyeti vyenu vya ubatizo na cheti cha ndoa cha kule. Sema wazi kwamba unaomba ndoa iponywe tangu mizizi, utaje hivyo hivyo, maana ukisema tu "nataka kurekebisha ndoa" utapangiwa tarehe ya kufunga ndoa upya.

Wanaofunga ndoa kule siku hizi wana afadhali kuliko ninyi. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliruhusu maaskofu wa majimbo kutoa mamlaka kwa ajili ya ndoa za waamini wa Udugu. Padre wa jimbo anapokea ridhaa, kisha padre wao anaadhimisha Misa. Na pale ambapo hilo haliwezekani, askofu anaweza kumkabidhi padre wao mwenyewe. Kabla ya hapo, mwaka 2015, alikuwa amewapa mapadre hao ruhusa ya kuungamisha kwa uhalali wakati wa Mwaka wa Huruma, na mwaka uliofuata akaiendeleza baada ya Jubilei kwisha. Kama unawaza juu ya maungamo yako ya kabla ya 2015, usijitese. Ulikwenda kwa nia njema na kwa majuto. Mweleze padre hali yako, fanya ungamo moja zuri la miaka ile, basi.

Angalia vizuri alivyofanya Papa pale. Hakungoja mapadre wasaini kitu. Aliwafikiria watu kama ninyi, akawafungulia milango ya sakramenti wakati mazungumzo ya wakubwa yakiwa yamekwama. Hilo nitalirudia nikifika kwa mke wako.

Je, mlikuwa nje ya Kanisa? Huenda umesikia neno "kutengwa", yaani kuondolewa katika ushirika wa Kanisa, likakutisha. Adhabu ya mwaka 1988 iliwapata maaskofu: Marcel Lefebvre, mwanzilishi wa Udugu, wanne aliowaweka wakfu bila idhini ya Papa, na Antônio de Castro Mayer aliyeshirikiana naye. Ni kweli Yohane Paulo II aliandika wakati ule kwamba anayejiunga rasmi na mfarakano huo naye anaangukia adhabu hiyo. Lakini mwaka 1996 Baraza la Kipapa linalofafanua sheria lilieleza maana ya kujiunga rasmi: lazima mtu, kwa kujua na kwa hiari, aupokee mfarakano wenyewe moyoni, yaani aweke uchaguzi wake juu ya utii kwa Papa, na alionyeshe hilo kwa nje. Kwenda Misa kule peke yake hakutoshi kumhesabu mtu hivyo. Na mwaka 2003 tume ya Vatikano iliyoshughulikia suala hili ilijibu kwa barua kwamba anayehudhuria Misa zao kwa kuipenda tu ibada ya zamani, bila nia ya kujitenga na Papa, hatendi dhambi na anatimiza amri ya Jumapili, ingawa tume haikushauri watu kwenda. Sasa jipime mwenyewe: mtu anayemwombea Papa na kuingia parokiani kila Jumapili jioni ni mfarakano gani huo?

Mke wako naye usimtie kapu moja na wale wanaosema kiti cha Petro kiko wazi na Papa si Papa. Hao wapo, na ni kundi jingine kabisa. Mwaka 2024 masista Waklara wa monasteri ya Belorado, Hispania, walitangaza kutowatambua mapapa waliofuata baada ya Pius XII, wakatengwa. Mwaka huo huo askofu mkuu Carlo Maria Viganò alitengwa kwa kosa la mfarakano, baada ya kukataa kumtambua Papa Fransisko. Ukiweka kando ukali wa maneno, Udugu wa Pio wa Kumi hawajasema hivyo. Wanamtambua Papa, wanalitaja jina lake katika Misa, kisha hawamtii katika mambo wanayoona yanapingana na imani. Hali yao ndiyo ngumu zaidi kuieleza. Benedikto XVI, alipoiondoa adhabu ya wale maaskofu wanne Januari 2009, aliandika barua miezi miwili baadaye akieleza kwamba adhabu iliwahusu watu. Ila Udugu wenyewe, kwa sababu za mafundisho, hauna nafasi ya kisheria katika Kanisa, na wahudumu wake hawakuwa wakitoa huduma kwa idhini ya Kanisa. Kwa hiyo mke wako anaposema "hatujawahi kutoka", ana sehemu ya ukweli. Na wewe unapohisi kuna kitu kimekatika, pia huoti.

Sasa swali lako la kwa nini hawapatani. Hapa nitakaa kidogo, maana watu wengi hudhani ugomvi ni Kilatini. Ingekuwa Kilatini, ungekwisha zamani. Misa mpya yenyewe inaweza kuadhimishwa kwa Kilatini, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima wa miaka ya 1962 hadi 1965, uliandika kwamba lugha hiyo idumishwe na kwamba wimbo wa Kigregori upewe nafasi ya kwanza.

Lefebvre hakuwa mtu wa pembeni. Alikuwa mmisionari Gabon, kisha Askofu Mkuu wa Dakar, akawa mjumbe wa Papa kwa Afrika iliyokuwa chini ya Ufaransa, akaongoza shirika la Roho Mtakatifu, akakaa ndani ya ukumbi wa Mtaguso pamoja na maaskofu wengine. Udugu aliuanzisha mwaka 1970 kwa idhini ya askofu wa Fribourg, Uswisi. Mwaka 1975 idhini hiyo ikafutwa, yeye akaendelea. Mwaka 1976 akatoa daraja za upadre ingawa Paulo VI alimkataza, akasimamishwa. Kardinali Hyacinthe Thiandoum, ambaye Lefebvre ndiye aliyempa upadre na ndiye aliyemwachia kiti cha Dakar, alijaribu kumrudisha. Mtoto wake wa kiroho, Mwafrika, kardinali wa Kanisa, na bado hakufaulu. Kila nikifikia hapo katika historia hii nasikitika.

Mambo yaliyowagawa ni manne, na yanajulikana: tamko la Mtaguso kuhusu uhuru wa kidini la mwaka 1965, uekumene, yaani juhudi za umoja na Wakristo wasio Wakatoliki, mafundisho juu ya urika, yaani maaskofu kuliongoza Kanisa kwa pamoja na Papa, na Misa iliyotolewa na Paulo VI. Udugu wanasema katika hayo kuna maneno yasiyopatana na waliyofundisha mapapa waliotangulia, na wanataka yasahihishwe. Roma inasema Mtaguso usomwe katika mwendelezo wa Mapokeo, yaani imani iliyorithiwa tangu Mitume, na kwamba anayetaka nafasi ndani ya Kanisa aupokee Mtaguso na mamlaka ya mapapa waliofuata. Chini ya hayo yote kuna swali moja ambalo hakuna hati iliyoweza kulizunguka: nani mwenye neno la mwisho la kusema Mapokeo yanafundisha nini? Kila upande unaapa kwa Mapokeo. Udugu wakikubali kwamba neno la mwisho ni la Papa na maaskofu walio katika umoja naye, hata kwa Mtaguso huu, sababu yao ya kukaa kando inaisha. Roma ikikubali kwamba kundi la mapadre linaweza kuupima Mtaguso na kuchagua, Roma nayo imeachia kitu ambacho si mali yake kuachia. Mimi naamini Roma iko sahihi katika hilo, na nakwambia wazi usije ukadhani sina upande.

Kwa sababu hiyo kila upatanisho umefika mlangoni ukarudi. Tarehe 5 Mei 1988 Lefebvre na Kardinali Ratzinger, ambaye baadaye ndiye Papa Benedikto XVI, walisaini hati. Ilitaja jumuiya kuwa na hadhi ya kisheria, vitabu vya ibada vya 1962, ndivyo vya Misa ya zamani, hata kupata askofu kutoka miongoni mwao. Kesho yake Lefebvre akaiondoa sahihi yake kwa barua. Alikuwa na miaka 82, aliogopa kufa kabla askofu huyo hajapatikana, na hakuamini tena kwamba tarehe ya kumweka itafika. Juni 30 akaweka maaskofu wanne. Kati ya sahihi na barua ulipita usiku mmoja tu. Nakuomba uliangalie hilo, maana linafanana na ya nyumbani kwako: hati inaweza kuwa nzuri na imani kati ya watu ikawa haipo.

Miaka ya 2009 hadi 2011 wakakaa wanateolojia wa pande zote mbili kujadili mafundisho. Mwaka 2011 Roma ikampa mkuu wa Udugu, Askofu Bernard Fellay, tamko la kusaini. Alipoonekana kuelekea kukubali, maaskofu watatu wenzake walimwandikia kumpinga. Mwaka 2012 mambo yakavunjika, na mmoja wa watatu hao, Richard Williamson, akafukuzwa na Udugu wenyewe, kisha mwaka 2015 akamweka wakfu askofu wake. Ndiyo hatari ya kiongozi wa kundi lililojitenga: akisogea hatua moja kuelekea Roma, nyuma yake kundi linapasuka. Sasa wawili kati ya wale wanne wamefariki, Tissier de Mallerais mwaka 2024 na Williamson mwaka 2025, na kila linapotajwa suala la kuweka maaskofu wapya bila idhini ya Papa, kidonda cha 1988 kinafunguka.

Na kuna jambo ambalo baba mkwe wako atalitaja, kama hajalitaja bado: "Angalia yaliyowapata waliorudi." Usimkatize. Baada ya 1988 baadhi ya mapadre waliomwacha Lefebvre walipewa Udugu wa Mtakatifu Petro, chini ya Papa, wakiadhimisha Misa ile ile ya zamani. Mwaka 2002 mapadre wa Campos, Brazili, walirudi wakapewa usimamizi wao wa kitume, yaani mfano wa jimbo lao, na askofu wao. Mwaka 2007 Benedikto akalegeza masharti ya Misa hiyo kwa padre yeyote. Kisha Julai 2021 Papa Fransisko akayakaza tena: ruhusa ni ya askofu, na makundi mapya yasianzishwe. Waliokuwa wakisema "Roma haiaminiki" walipata la kusema. Ni kweli pia kwamba Februari 2022 Fransisko huyo huyo aliwathibitishia Udugu wa Petro haki ya kutumia vitabu vya 1962, na kwamba wa Campos wapo hadi leo. Lakini usimwambie mzee kwamba hofu yake haina mashiko. Ina mashiko. Watu waliotii walijikuta wakihesabiwa pamoja na walioasi, na waliopaswa kuwaliwaza mara nyingi waliwacheka.

Sisi wa parokiani tuna deni hapo. Tunawaita majina. Tunasema wanaabudu Kilatini. Mtu anakuja ofisini na cheti mkononi, na tunamjibu kama ulivyojibiwa wewe. Barua ile ya Benedikto ya 2009 iliwahesabu: mapadre 491, waseminari 215, shule 88, masista 164, na maelfu ya waamini, akauliza kama inatupasa kuwaacha tu wazidi kwenda mbali. Swali hilo halikuelekezwa kwa Udugu. Lilielekezwa kwetu.

Sasa nyumbani. Unataka mama watoto arudi, na kwa masikio yake "rudi" maana yake "kiri kwamba baba yako alikupoteza". Hatakiri, wala huna haja ya kumtaka akiri. Fuata njia ile ya 2015 na 2017: toa kwanza kile kinachowezekana, bila kumdai maneno. Anza na ndoa. Mwambie, "Sitaki turudie harusi. Nataka jina letu liandikwe katika kitabu cha Kanisa ambalo wewe unamwombea Papa wake." Mweleze uponyaji wa ndoa ulivyo, kwamba hatatamka neno. Akikataa, mpe muda, usimshike na maandiko. Na la mazishi ya mama yako liongeeni. Usilianze kwa kumhukumu. Muulize alisali nini pale mlangoni. Sidhani umewahi kumuuliza.

Kuhusu Misa, usimburute. Uliza jimboni kama askofu ameruhusu mahali Misa ya 1962 iadhimishwe. Sehemu nyingine ipo, nyingine haipo. Kama haipo, muombe padre mmoja mwenye moyo aadhimishe Misa ya sasa kwa Kilatini, kwa ukimya, pamoja na wimbo wa Kigregori. Sheria inaruhusu kabisa, na hakuna haja ya kibali cha Roma. Atakuja au hatakuja, lakini ataona kwamba hukumtaka aache kila alichokipenda. Wewe nawe ulikipenda. Usikikane ili tu ukubalike parokiani.

Limebaki la binti, na lina haraka. Kipaimara cha askofu wao ni halali kama sakramenti, kwa kuwa ni askofu kweli, ila kinatolewa bila ruhusa ya Kanisa. Kipaimara hakirudiwi, hivyo likishafanyika limefanyika. Mimi naona lisubiri. Mtoto wa miaka 11 anaelewa sana; akipakwa krisma wakati babu na baba hawasalimiani, atajua amepelekwa upande mmoja wa ugomvi. Nenda kwa mzee mwenyewe, usitume mtu wala usiandike ujumbe kwa simu. Mke wako akikubali mwende pamoja, vizuri zaidi. Msalimie kama mkwe anavyomsalimia baba yake, mshukuru kwa imani aliyompa binti yake ambayo nawe umeila, kisha mwambie kwamba wazazi wa mtoto ni ninyi wawili, na kwamba mnaomba jina liondolewe mwaka huu mpaka mtakapokuwa na neno moja. Usiongeze hoja za Mtaguso. Siku hiyo si ya hoja hizo.

Ikiwa mama watoto atasimama na baba yake na Kipaimara kikatolewa, usisusie. Nenda, ukae benchi moja na binti yako. Baada ya hapo chukua cheti chake, na siku unapopeleka karatasi za ndoa jimboni, kipeleke pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto wote watatu, uombe viandikwe katika vitabu vya parokia.